Bi Eirwen Prosser: Anayefuta Ndiye Anayejaza

Bi Eirwen Prosser, fundi mkuu wa karakana ya matengenezo, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Julai 2005, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Poced kwa miaka ishirini na miwili. Alianza kazi kampuni ilipokuwa na watu watatu na birika moja la chai. Anaondoka ikiwa na watu sita, na birika ni lile lile.

Kwa kawaida wasifu wa namna hii huandikwa na Bwana Aled Bowen, mwanzilishi wetu. Safari hii amesema akijaribu ataishia kulowesha karatasi, kwa hiyo kazi nimeachiwa mimi, mwanagenzi wa karakana, eti kwa kuwa nimesoma shule ya lugha mbili, Kiwelshi na Kiingereza, nitajua kuandika. Kuandika naweza. Kusema ndiko kunakonishinda. Tangu niketi benchi moja na Bi Eirwen nadhani maneno niliyomwambia hayajazi ukurasa, naye hajawahi kuniuliza mbona niko kimya. Hunisogezea chai tu, tukaendelea na kazi. Basi haya ndiyo maneno niliyokuwa nikiyaweka.

Kabla ya Poced, Bi Eirwen alifanya kazi katika kiwanda cha midoli huku chini bondeni. Kazi yake ilikuwa kuipachika midoli macho. Kiwanda kilipofungwa alikuja hapa kuomba kazi, akamkuta Bwana Aled amepiga magoti sakafuni akitafuta skrubu iliyomdondoka. Aled alimuuliza kama anajua chochote kuhusu mambo ya elektroniki. Akajibu kwamba hajui hata kidogo, ila amepachika macho ya midoli kwa miaka kumi na moja na hakuna hata mmoja uliotoka na makengeza. Kisha akainama, akaiokota skrubu chini ya kiatu cha Aled mwenyewe. Akaanza kazi Jumatatu iliyofuata.

Wenye umri wangu hudhani jengo hili limekuwa kiwanda siku zote. Lilikuwa kanisa. Waumini walipopungua likauzwa, na Aled, ambaye hakuwa na fedha za kununua viti, akaviacha vile viti virefu vya ibada na kuwaketisha mafundi humo, mstari kwa mstari. Mimbari nayo ilibaki. Matangazo yote ya kampuni yametolewa pale juu, ya heri na ya shari, na Bi Eirwen anasema tangu mwanzo alikataa kuketi mstari wa mbele kwa sababu bosi akinena kwa hisia hurusha mate.

Mashine ya kwanza ya Poced ilikuwa na ukubwa wa kipande cha mkate. Ilifunguka kwa bawaba, ndani mkiwa na vitufe vidogo na kioo cha kijivu. Ilihifadhi majina, tarehe na hesabu, na ililia kumkumbusha mtu jambo lake. Baani watu walicheka sana. Walitaka kujua ni mume gani huyo anayehitaji mashine ya kumkumbusha siku ya kuzaliwa ya mkewe. Krismasi ilipokaribia, wale wale walipita mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kuulizia bei.

Katika miaka hiyo ndipo ulipozaliwa utaratibu wa kuatamia. Kabla toleo jipya halijaenda sokoni, kila mfanyakazi alipewa moja aiweke mfuko wa nyuma wa suruali au sketi, akae nayo wiki nzima: kwenye basi, kwenye kiti cha ibada, popote. Tukasema anaatamia, kama kuku. Siku ya Ijumaa mayai yalikusanywa na kukaguliwa. Dai Pugh wa stoo, ambaye ni mtu mwenye uzito wake, alivunja bawaba tatu mfululizo, na badala ya kumkaripia, Aled alimwongezea mshahara, akasema kuanzia leo bawaba haijakamilika mpaka imshinde Dai. Bawaba ya toleo la nne, ile iliyotuletea sifa mpaka Norwe na Japani, ilimshinda. Bi Eirwen ndiye aliyefunga mia moja za kwanza kwa mkono wake.

Baadaye tulifika watu mia na arobaini. Kulikuwa na zamu tatu, na mistari yote ya viti ilijaa mpaka juu kwenye roshani. Kisha simu za mkononi zikajifunza kufanya yale tuliyokuwa tukifanya sisi. Aled alipanda mimbarini asubuhi moja, akasema tumeacha kutengeneza mashine mpya. Wanaokumbuka wanasema hakuna aliyelia mpaka aliposhuka ngazi. Bi Eirwen yeye aliinua mkono na kuuliza zile zilizo mifukoni mwa watu zitatengenezwa na nani. Aled alikuwa hajalifikiria hilo. Ndivyo karakana ilivyobaki, na ndivyo yeye alivyobaki nayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu si wake.

Mashine zetu hazikuwa na mahali pa kudumu pa kuhifadhi kumbukumbu. Kila kilichoandikwa kiliishi kwa umeme. Kuna betri mbili kubwa, na kuna moja ndogo, bapa kama kifungo cha koti, ya kushikilia mambo wakati kubwa zinabadilishwa. Ukiwa na waya wa umeme, nao unashikilia. Vyote vikikosekana kwa pamoja, hata kwa muda wa kupiga chafya, kila kitu kimekwenda. Kwa hiyo sheria ya kwanza anayofundishwa mtu hapa, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, ni kwamba usitoe zote kwa mara moja.

Sheria ya pili ni kwa ajili ya siku utakapoivunja ya kwanza. Anayefuta ndiye anayejaza. Kampuni nyingine zilipeleka barua ya pole. Hapa fundi aliyefuta mashine ya mtu alioka keki ya zabibu kavu, akaenda nyumbani kwa mwenyewe, akakiri, akaketi, na kuandika upya kila jina na kila tarehe mpaka mwenye mashine aseme inatosha.

Bi Eirwen alifuta mashine moja tu katika miaka yake yote. Aliifuta mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1991. Mashine ilikuwa ya Idwal Rees, mgawa barua wa mtaa wa juu na mwalimu wa kwaya, ambaye wengi wetu bado tunamwita Mwalimu. Bi Eirwen alikuwa na mafua. Ile chafya niliyoitaja hapo juu si mfano, ilipigwa kweli, na mkono ukateleza. Akaoka keki, akapanda kilima, akasimama mlangoni na kukiri. Mwalimu Idwal alimtazama, akaitazama keki, kisha akamtazama miguu.

"Kavae viatu vya kutembelea, bibi," akamwambia. "Vitu vyangu haviko ndani ya nyumba hii."

Kwa kuwa alichokuwa ameandika humo kilikuwa ni watu. Nani anaishi namba ngapi, nani kazaliwa lini, nani ana mtoto jeshini asipitwe mlango siku ya barua, nani anaimba sauti ya teno kwenye kwaya na nani anadhani anaimba teno. Bi Eirwen alifuatana naye kwenye mzunguko wake wa barua wiki nzima, mashine mkononi, na katika kila mlango Mwalimu alitaja naye akaandika. Wenye midomo mtaani walianza kuuliza harusi ni lini. Bi Eirwen aliwajibu kwamba tayari ameolewa na bisibisi, na bisibisi haikoromi.

Harusi haikuwapo, ila tangu hapo wakawa marafiki. Mashine ile ile, toleo la kwanza, imekuja karakana kila ilipougua, na kila mara Mwalimu aliketi akingoja kwenye kiti cha mstari wa nyuma, akimsahihisha Bi Eirwen anavyovuma nyimbo puani.

Miaka mitatu iliyopita Mwalimu alianza kusahau. Sisemi siri, yeye mwenyewe hulisema. Kiingereza kilianza kumponyoka, kikabaki Kiwelshi. Kisha majina. Mashine ikawa inafanya kazi iliyotengenezewa, pengine kuliko mtu yeyote alivyokusudia. Ilimlilia wakati wa dawa. Ilimwambia leo ni mazoezi ya kwaya, vaa koti. Alipopigiwa hodi aliuliza jina, akageuka kidogo kama anayetafuta miwani, akasoma huyu ni nani, kisha akageuka na kumkaribisha mgeni kwa bashasha zote. Kwa msaada huo ameishi peke yake nyumbani kwake, na nyumbani kwake ndiko anakotaka kuishi.

Mwezi wa Machi alishuka basi kwenye mji usio wake, mvua inanyesha, akakutwa jioni kwenye kituo amelowa. Binti yake Menna, anayeishi Bristol, alikuja mbio. Walizungumza, wakakubaliana mbele ya Bi Eirwen: likitokea jambo moja tena, Baba atahama na kwenda kuishi naye. Menna si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Ni mtoto aliye mbali anayeogopa simu ikilia.

Mwanzoni mwa mwezi huu Mwalimu alileta mashine. Tundu la waya wa umeme lilikuwa limevunjika, kwa hiyo waya usingeweza kushikilia chochote, na betri kubwa zilikuwa karibu kuisha. Ilibaki ile ndogo. Toleo la kwanza halionyeshi hali ya betri ndogo. Linamkumbusha tu mwenyewe mara moja kwa mwaka aibadilishe, naye akishabadilisha anatia alama. Bi Eirwen alimuuliza. Mwalimu akamfungulia ukurasa.

"Nimebadilisha," akasema. "Ona, alama nimeitia kwa mkono wangu."

Alama ilikuwapo. Betri mpya ilikuwa bado iko kwenye pakiti yake, jikoni kwake, kando ya kopo la majani ya chai. Mashine ilimwamini mtu, mtu akaiamini mashine, na Bi Eirwen akawaamini wote wawili. Akatoa betri kubwa.

Nilikuwa nimeketi pembeni yake. Aliweka betri mpya, akaiwasha, na kioo kikatoka cheupe, na katikati kikauliza lile swali ambalo mashine mpya huuliza siku ya kwanza: jina lako nani? Nikamsogezea chai.

Jioni ile akaoka keki. Kesho yake tulipanda kilima pamoja, mimi nikibeba sahani. Bi Eirwen alikiri kama alivyokiri zamani, kisha akamwonyesha kioo. Mwalimu alikisoma kile kiswali muda mrefu.

"Na yeye pia kasahau?" akauliza.

Akacheka. Alicheka kweli, akatukatia keki, na ni Bi Eirwen aliyelazimika kwenda dirishani.

Angeweza kunyamaza. Menna asingejua mpaka dawa isahaulike. Lakini alimpigia simu mwenyewe usiku huo huo, akamwambia nimeifuta, ni mimi, si baba yako. Menna aliuliza kama kuna nakala mahali popote. Hakuna. Basi akasema atakuja Jumamosi na gari kumhamisha.

Anayefuta ndiye anayejaza. Shida ni kwamba mwaka 1991 mtaa wote ulikuwa kichwani mwa Mwalimu, na sasa haumo. Ila ulikuwa umepita mara moja miguuni mwa Bi Eirwen. Akavaa viatu vya kutembelea. Magoti yake mnayajua. Alipita njia ile ile ya barua, mlango kwa mlango, akiwaomba watu waje karakana Jumamosi asubuhi, kila mtu ajiandike mwenyewe. Si kwamba alikumbuka yote. Namba tisa aligonga na kuanza kumsemesha kwa furaha Beti, aliyekuwa fundi wa viazi vya kuoka, mlango ukafunguliwa na kijana Mpolandi mwenye mswaki mdomoni. Beti alifariki miaka sita nyuma na Bi Eirwen alikuwa mazikoni. Mwaliko aliouanza kwa Beti akaumalizia kwa kijana. Aliniambia baadaye kwamba kwenye mlango ule ndipo alipoelewa kidogo Mwalimu anavyoishi.

Jumamosi walikuja. Viti vya nyuma vilijaa, kisha vya katikati, jambo ambalo halijaonekana humu tangu mimbari ilipotangaza lile tangazo. Mwalimu aliketi mbele karibu na benchi letu akimpa mkono kila aliyepita. Mimi niliwekwa kwenye vitufe kuwaonyesha watu pa kubonyeza, kwa kuwa wengine walitaka kuandika Kiwelshi na wengine hawakukijua. Kwa kibali chao nanakili machache.

Glenys wa namba nne aliandika: "Ulileta barua ya mwanangu, ukangoja nje mpaka nikaisoma." Dai Pugh aliandika: "Dai. Besi wa kwaya. Huwa naanza mapema. Usinikodolee macho." Aled Bowen aliandika jina lake, akafuta, akaandika tena, akamwachia aliye nyuma yake nafasi, akarudi mwisho wa foleni. Na yule kijana wa namba tisa, ambaye hakualikwa rasmi ila alialikwa kwa makosa, alikuja amechana nywele na kuandika polepole, kidole kimoja: "Mimi Tomek. Hatujaonana bado. Mimi ndiye dereva wa basi la saa nne. Nitakushusha nyumbani."

Menna alikuwa ameingia. Alisimama mlangoni na maboksi matupu ya kufungia vitu, na watu, mnawajua watu wa hapa, wakadhani yuko kwenye foleni, wakawa wanamsukuma mbele taratibu na kumuuliza habari za Bristol. Alipofika kwangu aliniomba asome kwanza. Alisoma yote, tangu mwanzo. Kwenye Tomek alirudia. Kisha akaandika yake, nami nilikuwa karibu mno kutoiona. Ilisema: "Menna. Binti yako. Nipigie hata kama umesahau kwa nini."

Baadaye alizisoma chupa za dawa moja moja, Bi Eirwen akaweka saa zake, na muuguzi wa zahanati akazihakiki. Mwalimu aliuliza yale maboksi ni ya nini. Hapo ndipo nilipojua kwamba Bi Eirwen alikuwa hapumui, maana bega lake lilikuwa limegusana na langu.

"Ya vitabu vya kwaya," Menna akasema. "Mpaka Krismasi, Baba. Halafu tutaona."

Ukifika kwenye stoo ya kwaya utayakuta. Vitabu vimepangwa vizuri sana.

Hayo ndiyo mafanikio ya mwisho ya Bi Eirwen Prosser katika utumishi wake, na sijui kama yana nafasi kwenye orodha yoyote. Hatukuweza kurudisha kile kilichopotea. Kulikuwa na mambo humo ambayo Mwalimu peke yake aliyajua, na sasa hayajui mtu. Bi Eirwen analisema hilo bila kujitetea, na nimejifunza kwake kwamba mtu anaweza kusikitika na kuendelea kukaza skrubu.

Karakana haifungwi. Bwana Aled alitangaza juzi mimbarini, kwa mate yake yote, kwamba maadamu kuna mashine mfukoni mwa mtu, benchi litakuwa na fundi. Droo za vipuri nimeachiwa mimi. Bi Eirwen ameniambia nisiogope kuuliza, kisha akafikiri kidogo, akasema hata nisipouliza atapita. Kila Ijumaa atakuwa akipanda kilimani kukagua betri ndogo kwa macho yake. Alama atatia yeye.

Tunakushukuru, Bi Eirwen, kwa bawaba mia moja za kwanza, kwa nyimbo ulizozivuma puani nje ya sauti, kwa keki mbili, na kwa chai ambayo haikuwahi kutaka jibu.

Wageni wetu, mwaombwa msishtuke saa tisa kamili, keki itakapokuwa inakatwa. Mashine ya Mwalimu Idwal italia mfukoni mwake. Ataitoa, atavaa miwani, atasoma. Maneno hayo niliyaandika mimi, kwa ruhusa yake, na kwa kuwa huenda amekwisha kusahau kwamba aliniruhusu, yatakuwa mapya kwake pia. Yanasema: "Idwal, simama. Mwenye kisu cha keki ni Eirwen. Alikufuta mara mbili, akakujaza mara mbili. Kwaya iko nyuma yako. Inua mkono." Dai, subiri mkono.

Nawe Bi Eirwen, tunakutakia asubuhi zisizo na kengele, magoti yenye huruma, na kilima kisichozidi kuwa kirefu. Ukiwa umesoma mpaka hapa na saa tisa haijafika, tafadhali jifanye hujui.

Lowri Vaughan
Mwanagenzi, karakana ya matengenezo